Njia ya Jeneza Mtaani Jabalini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usingizi kuwa pumziko, na ambaye kwa rehema zake huziamsha nafsi zilizoghafilika.

Usiku ule nililala na neno zito kifuani. Mtaa wetu wa Jabalini uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, chini ya mawe makubwa ya Mwanza. Kamati ya mtaa ilitaka kuiziba kwa ukuta njia ya miguu inayoshuka kutoka msikitini hadi makaburi ya ufukweni, kwa kuwa wezi huipitia. Mimi ni imamu, wakaningoja nikubali. Mwenyekiti, Mama Rehema, alikuwa ameniambia jioni, "Babu, siku hizi hata maiti anapanda gari. Mnamsumbua nini mabegani?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikaazimia kukubali asubuhi, ili pawe na amani.

Ndipo usingizini akaja Maalimu Hamza, aliyenifundisha Kurani, ambaye tulimzika ufukweni nikiwa kijana. Alikuwa ameketi juu ya jiwe nyuma ya zahanati, miguu yake majini, ingawa ziwa halifiki pale. Akanyoosha mkono. Nyumba za ghorofa zikatoweka, pakawa matete matupu na vibanda vya wavuvi. Kisha zikaota nyumba za mabati za wafanyakazi wa reli. Kisha shule, mabomba, lami, taa za barabarani. Yote kimya.

Mara nina mpini wa jeneza begani, tunaishuka njia ile. Kwa desturi yetu hakuna abebaye peke yake: mtu huenda hatua chache, mwenzake akamgusa, "Nipishe, nami nipate thawabu," naye akampisha. Lakini sasa hakuna anayenigusa. Nasikia malango ya nyumba yakifungwa, moja baada ya jingine, na kwa kila lango jeneza linazidi uzito. Mbele umesimama ukuta. Mlinzi anachungulia tunduni: "Mmealikwa na nani?"

Nageuka. Pembe tatu za jeneza hazina watu.

"Maalimu, ni nani huyu nimembeba?"

Alisema, "Maji mmepata, taa mmepata, lami mmepata. Na mabega je?"

Nikaamka natweta, muadhini akiita kwa swala ya alfajiri.

Tulipotoka msikitini, Mama Rehema alikuwa akinisubiri barazani. "Haya Babu, tujenge?"

"Jengeni lango," nikasema. "Liwe na upana wa kupita jeneza na wabebaji pande zote mbili, na lisifungwe mbele ya maiti wala wanaomsindikiza."

"Na wezi?"

"Tutalinda kwa zamu, mwanangu. Ya kwanza yangu."

Akasema, "Basi ya pili iwe ya nyumba yangu."

Nawe unayesoma haya, Mola akujaalie majirani wa kukusindikiza, na akutie nguvu begani kwa ajili yao. Amin.