Siku Mashine Ilipochinjiwa Mbuzi

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchekesha. Nalisema hili kwanza kwa sababu waliomjua baadaye, tulipohamia Rondo, walimjua kama mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Mimi niliolewa na mtu mwingine kabisa.

Tulikuwa tunakaa kwenye kambi ya shamba la mkonge, kaskazini ya Lindi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, baada ya vita ya pili, wakati mkonge ulitakiwa sana huko Ulaya na kiwanda hakikupumzika ila Jumapili. Sote wawili ni Wamwera wa Kitomanga. Yeye alifanya kazi mezani, kwenye mdomo wa mashine. Majani ya mkonge yaliletwa kwa vitoroli, yakamwagwa juu ya meza, na watu wa mezani wakayapanga na kuyasukuma kwenye minyororo iliyoyavuta ndani. Humo ndani mlikuwa na magurudumu makubwa yenye mapanga butu, yakikwangua nyama yote ya jani, na upande wa pili zikatoka nyuzi nyeupe zinazochuruzika maji ya kijani. Sisi wanawake tulizipokea nyuzi hizo tukaenda kuzianika kwenye nyaya uwanjani. Maji yale yanawasha. Jioni nilikuwa nakuna mikono mpaka ngozi inachubuka, na harufu yake hakuna sabuni iliyoitoa.

Mezani, bega kwa bega na mume wangu, alisimama rafiki yake, Mmatumbi wa milima ya Kipatimu, Mkatoliki, mrefu, hajaoa bado. Alikula kwetu karibu kila jioni na aliniita shemeji. Alikuwa hacheki ovyo, na nadhani ndiyo sababu mume wangu alimpenda. Mzaha wake ulinoga zaidi akipata mtu wa kumbishia kwa uso mkavu.

Saa ya chakula tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda. Siku moja mashine ilikuwa imesimama yenyewe katikati ya kazi, fundi akaigonga kwa nyundo weee, mara ikawaka tena. Tulipokaa kula, mume wangu akasema, "Jamani, hii imeanza kupata akili. Imeanza kujifanya mgonjwa."

Tukacheka. Na toka siku ile ikawa ndiyo mazungumzo yetu: mashine ikipata akili itafanya nini.

Mume wangu alisema kila Jumatatu itaomba ruhusa kwenda kumzika bibi yake. "Na nyapara ataikubalia," akasema, "maana nani atajua mashine ina mabibi wangapi?" Mwanamke mmoja tuliyeanika naye akasema hapana, kwanza itakataa mafuta machafu, itayatema mbele ya meneja, kitu ambacho sisi na unga wetu wa posho wenye wadudu hatukuthubutu. Mwingine akasema cherehani ya fundi nguo wa kambini ndiyo isipate akili kabisa, kwa kuwa inajua vipimo vya kila mwanamke na itamwaga siri. Gari la meneja, wakasema, litamwacha meneja barabarani na kwenda Lindi kunywa peke yake, njia ya baa linaijua vizuri kuliko yeye.

Ramadhani ilipofika wakamwuliza mwalimu wa madrasa kama mashine yenye akili ingelazimika kufunga. Mwalimu alifikiri kwa makini, kana kwamba ameulizwa swali la kweli. "Kama ina akili na imebaleghe, ifunge," akasema. "Lakini nani ataiogesha?"

Mmatumbi alikuwa na jibu moja tu, na hakulibadilisha. "Mnajidanganya," alisema. "Hiyo ikipata akili leo, kesho itataka fimbo. Itakaa kivulini, itavisimamia vitoroli na kuvitukana mama zao. Umeona wapi mwenye akili akalala mezani akala majani?"

"Basi itakuwa nyapara," mume wangu akasema.

"Nyapara mkuu. Na wewe utaiamkia shikamoo."

Watu walicheka hata nyapara mwenyewe alipokuwa anasikia, naye alicheka. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba alikuwa anayapeleka maneno yale kwa meneja, kama kitu cha kumfurahisha.

Kulikuwa na mpini wa kuzimia mashine, upande wa kushoto wa meza. Ukiuvuta, minyororo inatakiwa isimame palepale. Mpini ule ulikuwa umelegea tangu kiangazi. Wakati mwingine ulishika, wakati mwingine ulizunguka bure mkononi kama kitasa kilichokufa. Watu wa mezani walimwambia nyapara, nyapara akamwambia fundi, fundi akaufunga kwa waya na kusema kipuri kimeagizwa. Ulilegea tena. Wakasema tena.

Masika yalipoanza majani yalikuja yamelowa na yanateleza. Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kukatika. Mimi nilikuwa upande wa pili, napokea nyuzi, kwa hiyo sikuona mkono wa Mmatumbi ulivyonaswa kwenye mnyororo. Niliona nyuzi. Zilikuja nyeupe, nyeupe, halafu zikaja nyekundu. Nilizishika, sikuelewa, nikazitazama tu. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, anaita, "Zima! Zima! Zima!"

Nyapara alikuwa ameshika mpini. Alikuwa anauvuta kwa mikono miwili, nao ulikuwa unazunguka. Mume wangu alikuwa amemkumbatia rafiki yake kiunoni, ameweka mguu kwenye ukingo wa meza, anamvuta nyuma, na mashine inamvuta mbele. Mwishowe fundi alikuja na gogo akautoa mkanda wa injini. Kiwanda kikanyamaza. Katika ukimya ule tulisikia maji yanadondoka kutoka kwenye nyuzi.

Walimpakia kwenye lori kumpeleka Lindi. Mume wangu alipanda naye. Barabara ilikuwa matope matupu, lori likakwama njiani, na hapo hapo, wakati watu wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, Mmatumbi akakata roho. Mume wangu hakunisimulia mengi. Alisema tu kwamba mwenzake aliomba maji mara nyingi, na kwamba aliuliza kama mkono umebaki.

Tulimzika karibu na kambi. Katekista alitoka mjini akasoma sala, na sisi Waislamu tulisimama nyuma. Watani wa kambini, ambao kwa desturi huruka kaburini na kudai mambo ya ajabu mpaka wafiwa wacheke, siku ile walimtazama mume wangu aanze. Alitazama udongo, hakuanza, na wao hawakuthubutu.

Wiki iliyofuata alikuja Mzungu wa serikali kuchunguza. Alikuwa mgeni nchini, Kiswahili chake cha kubabaisha, kwa hiyo meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa mkalimani. Waliweka viti mbele ya kiwanda, sisi tukasimama uwanjani. Nyapara alihojiwa kwanza, akasema majani yalikuwa yanateleza na marehemu alikuwa na haraka. Kisha akaitwa mume wangu.

Nilisikia kila neno alilosema, maana alisema kwa sauti ili wote tusikie. "Bwana, mashine haina akili. Ingekuwa na akili, ingesimama alipolia. Sisi ndio wenye akili, na sisi tulisema mpini mbovu. Tulisema kiangazi, tukasema tena masika yalipokaribia. Mpini haukutengenezwa."

Meneja akageuka na kutafsiri. Maneno yake yalikuwa machache kuliko ya mume wangu. Mzungu yule akainua uso, akatabasamu kwa upole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Wewe nafikiri mashine iko na shetani?" akauliza.

"Hapana, bwana. Nimesema mpini."

Meneja akatafsiri tena. Mzungu akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika, akafunga kalamu yake. Halafu wote wawili wakaenda nyumbani kwa meneja kula chakula cha mchana. Mume wangu alibaki amesimama mbele ya viti vitupu mpaka nilipomshika mkono.

Jumamosi nyapara akatutangazia habari njema, ndivyo alivyoziita. Uongozi umesikia kwamba watu wana hofu na mashine, na hauwalazimishi watu kufanya kazi na hofu. Umetoa mbuzi. Mashine itafanyiwa tambiko, itatulia, na Jumatatu kila mtu awe mahali pake.

Mwalimu wa madrasa aliombwa amchinje yule mbuzi, akakataa. "Sichinji kwa jina la chuma," alisema, akaingia ndani kwake. Akatafutwa mtu mwingine, jamaa aliyejidai mganga, akamchinja palepale kwenye meza na kunyunyiza damu kwenye minyororo. Mimi nilitazama damu ile ikishuka mahali palepale, nikaona ni kama watu wamerudia jambo lile kwa makusudi. Meneja alikuja na kamera yake akapiga picha.

Nyama ikapikwa. Nyama kambini ilikuwa nadra, watu wakala. Mtu mmoja, kwa kuzoea tu, akasema, "Na mashine yenyewe imepewa finyango yake?" Wengine wakaanza kucheka, kisha wote wakamgeukia mume wangu wasikie ataongeza nini. Aliinuka, akaweka sahani yake chini ikiwa imejaa, akaenda zake. Kile kicheko kilikufa vibaya. Tangu siku ile sikumsikia tena akitia neno kwenye mzaha wa mtu.

Jumatatu king'ora kililia, mashine ikawashwa. Mpini ulikuwa umefungwa waya mpya.

Vitu vya marehemu tulikuwa navyo sisi: blanketi, shati la Jumapili, rozari. Mvua zilipopungua tukaomba ruhusa tuvipeleke kwa mama yake. Tulipanda lori la mizigo mpaka upande wa Kilwa, kisha tukapandisha milima kwa miguu, njia imeliwa na maji, mawe matupu. Kipatimu tuliulizia, tukaonyeshwa nyumba.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu bado, ametoka shamba. Taarifa ya msiba ilikuwa imeshamfikia kupitia misheni. Alivipokea vile vitu, akanusa shati, akalia, nami nikalia naye. Alipokwisha kulia akatupikia ugali wa muhogo na mboga, akasubiri tule. Ndipo akauliza.

"Nimeambiwa ameuawa na mashine. Mimi najua lori la misheni, na najua kinu cha kusagia cha mapadre. Hiyo ni kama nini?"

Mume wangu alichukua kijiti akachora chini: hapa meza, hapa minyororo, hapa magurudumu, hapa alisimama mwanao, hapa mimi. Mama yule aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Walikuwa wamegombana?"

"Nani, mama?"

"Yeye na mashine."

"Hapana. Mashine haigombani na mtu. Haimjui mtu."

"Haimjui kabisa? Miaka yote aliyokuwa anailisha?"

"Haimjui, mama," mume wangu akasema.

"Hata kuku," mama akasema taratibu, "anamjua anayemmwagia punje." Kisha akasema, "Basi ambao wanajua ni nani? Hapo lazima palikuwa na wanaojua."

"Tulijua ina ubovu. Tulisema."

"Mlimwambia nani?"

Akamtajia: nyapara, fundi, meneja. Mama akataka majina yao. Mume wangu akampa, naye akayarudia moja moja, na lile la meneja, ambalo lilikuwa gumu kwa ulimi wake, akalirudia mpaka likakaa. Alisema atayataja kwenye sala zake kila asubuhi. Sikumwuliza atawaombea nini, na uso wake haukuonyesha.

Tulilala pale, kukicha tukashuka. Njiani mume wangu alitangulia mbele yangu mwendo wote, na tulipofika barabarani, tukiwa tumekaa juu ya mawe kungoja lori, akaniambia hatarudi mezani. Nilimjibu sawa. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kufikiria vyombo vyetu, kipi tubebe na kipi tugawe.

Mjomba wangu alikuwa Rondo, akatupa sehemu ya kulima. Mwaka wa kwanza tulikaa kwenye kibanda cha nyasi na nguruwe pori wakala nusu ya muhogo wetu. Mume wangu alikuwa analala shambani kuwafukuza. Aliporudi asubuhi nilimpa uji, akaunywa akiwa amesimama, akachukua jembe, akaanza mstari mwingine.