Siku Dada Yangu Aliponiamkia Shikamoo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa barazani kwangu Matogoro nachambua maharage, dada yangu Anastazia akaingia uani na begi lake, akasimama mbele yangu akainama kidogo. "Shikamoo mama," akasema. "Samahani, nimemkuta Restituta?"

Restituta ni mimi. Na Anastazia ndiye mkubwa wangu, yeye wa kwanza kuzaliwa na mimi wa pili. Nilidhani anatania. Nikamwangalia usoni, nikaona hatanii hata kidogo.

"Dada, ni mimi."

Begi likamponyoka. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, kisha akapiga yowe hadi jirani akatokea. "Yesu wangu! Restituta, nani amekufanya hivi?"

Hakuna aliyenifanya, mwanangu. Nilijifanya mwenyewe, na nitakueleza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na sisi kinamama tukaingia sokoni kwa nguvu. Mimi niliuza mitumba. Fizi zilikuwa zinanitoka damu tangu nimezaa mtoto wa pili, nikasema zitapona zenyewe. Meno yakalegea, yakang'olewa moja moja, na sijafika miaka arobaini kinywa kikawa kitupu. Nikaenda hospitali, daktari wa meno akanijaza kinywani kitu laini kama ugali, kikaganda, akachukua umbo la taya langu. Baadaye akanipa meno ya bandia, juu na chini. Nilipojiona kwenye kioo nililia kwa furaha.

Daktari aliniambia, "Mama, mfupa wa taya utapungua, hasa mwaka huu wa kwanza. Meno haya yatalegea. Yakilegea tu, rudi. Na usilale nayo." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza marobota yangu ya nguo.

Yalipolegea sikurudi. Nilikata kitambaa kutoka kwenye nguo zangu za sokoni, nikakikunja na kukibana chini ya meno. Yalipolegea tena nikaongeza kitambaa. Nililala nayo, maana sikutaka hata mume wangu anione bila meno. Hivyo miaka sita, na miaka hiyohiyo dada alikuwa kwake Lusewa, hatujaonana. Siku aliyokuja nilikuwa nimeyavua kwa sababu ya vidonda. Nimekonda, mashavu yameingia ndani, kidevu kimepanda kinakaribia pua.

Kesho yake asubuhi alinishika mkono kama mtoto, tukaenda kwa daktari yuleyule. Daktari alitoa kile kitambaa chini ya meno yangu kwa koleo, akakitazama, akakiweka pembeni. Akachukua umbo jipya la taya langu, akamimina plasta. Tuliporudi plasta ikiwa imekauka, alikuwa ameweka mezani mataya mawili ya plasta.

"Hili ni lako la siku ile," akasema. "Nililihifadhi."

Lilikuwa na tuta zuri, limeinuka, meno yangeweza kulikalia. La pili lilikuwa bapa, mwanangu. Bapa kama kisahani. Nikauliza, "Na hili ni la nani?"

Dada akaanza kulia kabla mimi sijaelewa.

"Mama, mfupa huu ulikuwepo kwa ajili ya kushika meno," daktari akasema taratibu. "Meno yakitoka, unaanza kuyeyuka. Hilo lingetokea kwa vyovyote. Lakini wewe umeugandamiza usiku na mchana kwa meno yasiyokukaa, ukaisha upesi."

"Mfupa utarudi?" nikauliza.

"Haurudi."

Nilikuwa sijui kwamba mfupa wa mtu aliye hai unaweza kuisha naye yupo sokoni anacheka na wateja.

Alinitengenezea mengine. Ya juu yalishika vizuri. Ya chini, mpaka leo, huwa yanaelea nikicheka. Nilijifunza upya kula, kipande kidogo kidogo, kutafuna pande zote mbili. Uso ulirudi kiasi. Mahindi ya kuchoma niliyaaga.

Basi nisikilize. Ufizi ukitoa damu ni ugonjwa, nenda ukatibiwe jino likiwa bado limesimama. Na kama siku moja utavaa meno ya bandia, usidhani kazi imekwisha siku unapokabidhiwa. Taya linabadilika, meno hayabadiliki. Rudi yakaguliwe hata kama huumwi. Yavue ulalapo, yaoshe, uache fizi zipumzike. Yakicheza, mwambie daktari, usiyafiche kwa kitambaa. Mimi nilimficha mume wangu, na alipokuja kujua aliniuliza tu kwa nini nimeumia peke yangu muda wote huo.

Mungu akujalie kinywa chenye afya na watu wa kukwambia ukweli ukiwa bado unafaa. Uzeeke uso wako ukiwa wako, na wajukuu wakuone ukicheka. Amina.