Saa ya Ukutani Haigeuzi Mgongo

Niliondoka kwetu nikiwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Wengine husafiri kutafuta elimu au kuona dunia. Mimi nilisukumwa na maneno ya katibu wa klabu ya kiwanda cha sukari, aliyetuambia mimi na mwalimu wangu tukiwa tumesimama kando ya bwawa lao la kuogelea kwamba maji yale hayakuwekwa kwa ajili ya watu wa laini. Laini ni nyumba za wafanyakazi. Baba yangu alikuwa akilisha miwa kwenye mashine ya kusaga, na huko laini ndiko tulikoishi.

Miaka ile sukari ilikuwa imenoga. Matrekta yalivuta miwa mchana kutwa, harufu ya molasi ilituingia hadi kwenye magodoro, na wakubwa wa kiwanda walijengewa bwawa la vigae vya buluu. Mwalimu wangu wa michezo, Bwana Khasiani, aliwasihi hadi wakaniruhusu mimi peke yangu kuogelea Jumatatu, siku ambayo wao hawaji. Nilipowapiku watoto wao kwenye mashindano ya Nairobi, nikapewa nafasi ya kwenda Uingereza, kwenye kambi ya mafunzo ya waogeleaji. Mwalimu akaona mlango umefunguka kidogo, akaomba watoto wote wa laini waruhusiwe.

Katibu alicheka. "Kwanza huyu arudi akiwa ameingia kundi la kwanza la hiyo kambi. Akiingia, waje wote. Asipoingia, hata yeye asikanyage hapa tena."

"Nitaingia," nikasema, kabla Mwalimu hajanikanyaga mguu.

Iguhu, Jumapili ya kuaga. Huko ndiko nyumbani kwa babu, na baba mdogo alikuwa na fahali wa kupigana aliyeitwa Trekta. Siku hiyo ngoma za isukuti zilimsindikiza Trekta hadi uwanjani, akamsukuma mwenzake mpaka yule akageuza mgongo. Papo hapo vijana wakamzuia Trekta kwa fimbo. Kwetu fahali akigeuza mgongo, pambano limekwisha. Kumfuata na kumchoma pembe ni kumwaibisha mwenye fahali aliyeshinda, na mimi nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Baba mdogo alinishika bega, jasho likimtiririka. "Sasa wewe huko usigeuzange mgongo. Hata wakikucheka namna gani."

"Sitageuza, baba."

 Baba yangu mwenyewe alinipa mfuko wa sukari. "Peleka kwa mwenye nyumba. Mgeni haendangi mikono mitupu."

Uingereza nilifika asubuhi ya mvua nyembamba. Mwenyeji wangu, Bi. Doris, alikuwa mjane mwenye sauti ya upole na nyumba yenye baridi. Nilimpa sukari kwa mikono miwili. Akashukuru, akasema sukari huharibu meno, akaifungia kabatini. Kisha akanimiminia chai isiyo na sukari, ambayo kwetu hata mgonjwa angeikataa.

"Kwenu mna mabwawa ya kuogelea?" akaniuliza.

"Tunalo moja," nikamjibu. "Lina wenyewe."

Kambini, siku ya kwanza. Kocha wetu aliitwa Marjorie, mama mfupi asiyetabasamu bila sababu. Zoezi lake lilikuwa la kukimbizana majini: mmoja anatangulia, mwingine anamfuata, na wa nyuma akimgusa wa mbele mguu, wa mbele anampisha ili aendelee kwa kasi hadi ukutani. Nilipangwa nyuma ya msichana mmoja mrefu, Helen. Nilimfikia upesi, nikamgusa mguu, akasogea kando. Basi nikapunguza mwendo. Ameshakubali, nini tena? Tukarudia, nikafanya vilevile.

Kocha akaniamuru nitoke majini. "Una nguvu, lakini huna nia ya kushinda," akasema, akanipeleka kundi la tatu, kwa wasichana wadogo walionifika kifuani. Niliogelea nao siku ile nikiwa nimefura kama chapati. Huna nia. Mimi niliyeacha nyuma watoto wa laini wakinisubiri kwenye uzio.

Baada ya mazoezi nilimfuata hadi ofisini kwake. Nilimwambia sikubali kuitwa mtu asiye na nia. Nilimweleza habari za Trekta: kwamba anayegeuza mgongo hafuatwi, na Helen alikuwa amenipisha mara mbili. Nilitegemea acheke, na jibu langu lilikuwa tayari.

Hakucheka. Alinirudisha bwawani, akanyoosha kidole kwenye saa kubwa ya ukutani, ile yenye mshale mwekundu usiotulia.

"Helen si mpinzani wako," akasema. "Mpinzani wako ni yule pale. Amegeuza mgongo?"

"Bado."

"Basi pambano halijaisha."

Nilikosa mtu wa kugombana naye, na hilo liliniudhi zaidi. Lakini nilimpenda mama yule tangu saa hiyo, kwa sababu hakuniambia kwamba desturi yetu ni ya kijinga. Alinionyesha tu fahali mwingine.

Wiki zilizofuata nilikunywa klorini, nikatetemeka, nikalia mara moja chooni nikanawa uso. Siku ya mchujo wa makundi nilimpita Helen katikati ya bwawa. Mwili mzima ukaniambia imetosha. Nikaikumbuka saa ile juu ya kichwa changu, isukuti ikanilia masikioni, nikaenda mpaka vidole vikagonga ukuta. Kocha alisoma majina ya kundi la kwanza, na langu likawa la mwisho. La mwisho nalo ni jina.

Asubuhi ya kuondoka Bi. Doris alifungua kabati, akatia kwenye chai yangu vijiko viwili vya sukari yetu bila kuniuliza. Naye akatia kwenye yake kimoja.

Nyumbani, Jumatatu. Nilijifunza huko kwamba si kila anayekupisha amekuachia, na kwamba mtu hushindana na kile kisichochoka. Nilikwenda bwawani na watoto wa laini, Mwalimu Khasiani akiwa nyuma yetu. Katibu alitukuta kando ya maji.

"Nimeingia kundi la kwanza," nikamwambia. "Ulisema waje wote."

"Kamati bado haijakaa," akasema. "Watoeni hawa."

"Hatutoki."

Alinitazama, akawatazama watoto, kisha akageuza mgongo kwenda kuita askari wa lango. Kwetu anayegeuza mgongo hafuatwi. Sikumfuata. Niliwaambia watoto wavue viatu.