Hodi ya Tatu

Kwetu mtu hasafiri hivi hivi, anasafiri kwa mtu. Ndiyo maana nilipowaambia Watanzania wenzangu wawili wa wodini, ninaokula nao mchana, kwamba ninakwenda Italia siku kumi na begi mgongoni, wote waliuliza swali moja: "Unafikia kwa nani?" Nikawajibu sifikii kwa mtu. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza taratibu kama nimepima presha siku za karibuni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna, na mimi nikinuna huwa natembea. Wengine hulala, wengine hula. Mimi nilinuna kuanzia kwangu Lewisham, London, mpaka Roma.

Safari ile tulikuwa tumeipanga wawili, mimi na binti yangu, mwanangu wa pekee. Yeye ndiye aliyetafuta tiketi, akanunua na mabegi mawili ya mgongoni, la kijani lake na la buluu langu, akayaweka kwenye kabati kwangu. Kisha mwezi wa tano yakatokea ya kutokea.

Alikuwa amehamia Tottenham, kwenye flati yake ya kwanza. Siku hiyo sikuwa na zamu. Nikapika pilau, nikaifunga sufuria kwa kanga, nikavuka London nzima nimeipakata kama mtoto mchanga. Mlango wake alikuwa ameuegesha tu. Nikasema, "Hodi," na nilipomaliza kulitamka neno lenyewe tayari nilikuwa sebuleni.

Binti yangu alikuwa mbele ya kompyuta, juu shati jeupe lililopigwa pasi, chini suruali ya kulalia. Kwenye kioo kulikuwa na Waingereza watatu wanamfanyia usaili wa kazi. Wote wakaniona na sufuria yangu. Nami, kwa adabu, nikawapungia mkono.

Alipomalizana nao alinijia. Akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini majibu yake ni ya Kiingereza: "Mama, huwezi kuingia tu. Lazima uniambie kwanza." Nikamjibu kwamba hodi nimepiga. Nikaongeza kwamba mzazi haombi miadi kwa mwanawe kama anayekwenda kung'oa jino. Basi masikini akajaribu Kiswahili, labda alidhani kitanilainisha. "Mama, mimi nataka kuheshimu," akasema.

"Kuheshimiwa," nikamwambia. "Unataka kuheshimiwa."

Jamani, katikati ya ugomvi mimi nasahihisha sarufi. Nikaiweka sufuria sakafuni, nikatoka, na wala sikumuuliza usaili umekwendaje.

Sufuria haikurudi, na hilo nalo nikalihesabu kuwa kosa. Huyu ni mtoto niliyemlea akipanda ngazi kumrudishia vyombo mama mmoja Mkongo, jirani yetu wa ghorofa ya juu, na chombo hakikupanda kitupu hata siku moja. Vitumbua viwili, ndizi, hata kitunguu, lakini kitupu, hapana. Sasa sufuria yangu nzuri, niliyotoka nayo Tanga, mwezi mmoja kimya, miwili kimya. Nikajua ameitupa. Mwezi wa saba nikamwandikia kwamba Italia nitakwenda peke yangu. Akajibu: "OK." Herufi mbili tu. Siku ya kufunga mizigo nikachukua begi la kijani, lake, nikaliacha langu kabatini. Nilijiambia ni kwa sababu la kijani lina mifuko mingi.

Basi nikaenda. Na niseme bila kuzunguka: nilifurahi.

Joto la Roma si geni kwa mtu wa Tanga, ila Tanga hatutembei saa nane mchana na kilo kumi mgongoni. Tuna akili zetu. Hosteli niliyofikia ilikuwa ya vitanda vya juu na chini, wanawake sita chumba kimoja, na mimi, miaka hamsini na mitatu na magoti haya, nikapewa cha juu. Msichana wa kitanda cha chini alinitazama ninavyohangaika na ngazi, akakusanya vitu vyake, tukabadilishana. Asubuhi akaniambia ninakoroma. Nikamwambia najua.

Nilijifunza raha ndogondogo. Mabomba ya barabarani yanayomwaga maji baridi mchana kutwa, unakinga chupa yako na kuendelea. Nyanya zenye ladha ya nyanya, ambazo London nilikuwa nimeshazisahau. Aiskrimu nilikula asubuhi badala ya chai, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Mchana niliingia makanisani. Mimi ni Mwislamu, lakini makanisa yao yana ubaridi mzuri na viti vya kutosha, nadhani Mungu alinielewa.

Siku nyingine nilikiona cha mtema kuni. Kisigino kilifanya malengelenge, nikatembea Firenze nzima nachechemea. Nilipanda treni inayokwenda kusini huku mimi naelekea kaskazini, nikaja kugundua baada ya saa nzima ya kusifia mandhari. Lakini kilichonichoma zaidi ni meza. Kila mkahawa niliokaa, mhudumu alikuja akaondoa uma wa pili na glasi ya pili mbele yangu, na kila alipouondoa ule uma, mkono wangu ulikwenda kwenye simu. Nilikipiga picha chakula changu, nikamtafuta binti yangu kwenye simu, kisha nikairudisha simu mfukoni. Jeuri ni mzigo, mwenzangu, tena huo hauna mikanda ya kubebea.

Siku ya saba nilikwenda kwenye mji mdogo wa mlimani. Binti yangu alikuwa ameuwekea nyota kwenye orodha yetu, kwa hiyo nilikwenda, nikijiambia ni kwa ajili yangu. Kituo cha treni kipo bondeni, mji uko juu, na basi siku hiyo halikuwepo kwa sababu ya sikukuu yao ya katikati ya Agosti. Nikapanda kwa miguu, saa nzima na zaidi. Nilipofika, mji mzima ulikuwa umefunga milango, maji yangu yameisha, mdomo umekauka. Nikakaa kwenye ngazi za kichochoro chenye kivuli, nikavua viatu, nikajionea huruma.

Mkabala nami kulikuwa na mlango uliofunguliwa, umewekewa pazia la shanga la kuzuia nzi. Akaja mwanamke wa makamo ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Akasimama nje ya pazia, akaita kwa sauti ya kuvuta: "Permesso?"

Sikuhitaji kamusi. Sauti ile naijua. Mtu yuko mlangoni, chombo mkononi, shingo imeinama kidogo, anaita kuelekea ndani ya nyumba. Ile ni hodi. Miaka ishirini na sita Ulaya na sikuwahi kuisikia hodi ya mtu asiye wa kwetu. Nilitabasamu peke yangu pale kwenye ngazi, nikaingoja ile "Karibu" ya kumjibu.

Haikuja. Sauti ya bibi mmoja kutoka ndani ilijibu kitu kingine, kifupi, na kwa jinsi mwenye sahani alivyoegemea ukuta nikaelewa ameambiwa angoje. Akangoja. Hakununa wala hakuchungulia. Alikiweka sawa kitambaa cha sahani, akatazama mbingu, akaniona, akanipa salamu ya kichwa. Dakika tano nzima, sahani inapoa. Ndipo ikaja kutoka ndani: "Avanti." Akafungua pazia, akaingia.

Nikabaki na viatu mkononi. Marehemu mama alitufundisha kwamba hodi hupigwa mara tatu. Ya kwanza wakusikie, ya pili wajisitiri, ya tatu waamue. Usipojibiwa ya tatu, geuza uende zako, wala usinune. Hayo niliyajua tangu sijaota meno ya utu uzima, na nimeyahubiri London yote kwamba Wazungu hawana hodi. Na mimi Tottenham nilipiga moja tu, tena nikiwa na mguu ndani. Mtoto aliniambia, "Uniambie kwanza." Sasa hodi ni nini kama si hiyo?

Niliona aibu, nayaandika haya bila kuficha. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na haikuwa jua.

Yule wa sahani alitoka, akaniuliza kitu. Nilikuwa na maneno kama ishirini ya Kitaliano, nikatumia moja: maji. Akanishika mkono mpaka mlangoni. Pale kizingitini nikasimama, nikaita kwa ulimi wangu wa Tanga, "Permesso?" Nikafunga mdomo, nikangoja. "Avanti, avanti," akajibu bibi, na machozi yakanitoka kama mjinga.

Bibi alikuwa ametoka kuoga, nywele nyeupe bado zinadondosha maji, vifungo vya gauni havijakaa sawa. Kumbe ndiyo sababu ya kungojesha. Walinipa maji, wakanikatia pichi, tukala wote kile cha kwenye sahani, mamung'unye yaliyojazwa nyama ya kusaga. Nyama sikuila, nikaonyesha kwa mikono, wakaelewa, bibi akanitilia mkate na nyanya. Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwonyesha picha ya binti yangu. Akaitazama picha, akalitazama begi, akasema, "Sola?" maana yake peke yako. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanikatia pichi la pili.

Jirani alipoaga, bibi aliosha ile sahani, akaipanga tini mbichi juu yake, ndipo akampa. Hapo nilicheka kwa sauti, wakadhani jua limenipiga. Ningewaelezaje kwamba nina sufuria Tottenham?

Siku tatu zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko zote. Sikuwa namnunia mtu.

Treni ya kutoka uwanja wa ndege husimama Tottenham kabla ya kufika mjini. Tiketi yangu ilikuwa ya kufika mwisho, ili nibadilishe treni ya kwenda Lewisham. Milango ilipofunguka Tottenham nikashuka. Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, mvua nyepesi. Nikakaa kwenye benchi nje ya kituo na begi lake la kijani mapajani, nikaandika neno moja kwenye simu: "Hodi."

Nikangoja. Mabasi matatu yakapita. Nikaandika tena: "Hodi." Alama ikaonyesha ujumbe umefika, lakini haujasomwa. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtu anayengoja majibu ya hospitali, na mimi kazi yangu ni hospitali, najua unavyodunda. Kwa sababu ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikiipiga na asijibu, nitalazimika kuinuka na kwenda zangu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitafuata sheria. Nikaiandika. Sikuituma. Kidole kikabaki hewani, muda sijui gani, namwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Simu ikatetemeka. "Nilikuwa bafuni. Uko wapi?" Yote kwa Kiingereza. Nikamjibu niko kituoni, na kama haiwezekani leo nitakuja siku nyingine. Akaandika: "Nipe dakika ishirini." Na chini yake, peke yake: "Karibu."

Nikaifuta hodi ya tatu. Nilizikaa dakika zangu zote ishirini pale kwenye benchi, sikuiba hata moja. Nilitembea pole pole, nikafika, mlango ulikuwa wazi. Nikasimama nje.

"Hodi," nikasema.

Alitokea anahema, nywele zimelowa mvua, koti hajavua. Ameshika sufuria yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa imesuguliwa, inang'aa kuliko nilivyoiacha, na kanga yangu imekunjwa juu yake. Akaninyooshea. Nikaitoa kanga. Ndani yalikuwamo maandazi sita, bado yamo kwenye mfuko wa duka la Waafrika la pale barabarani, ya moto.

"Miezi mitatu sufuria yangu unayo," nikasema, maana sikujua niseme nini.

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba kila wiki aliiweka mezani ili anirudishie, na kila wiki alishindwa aitie nini. Pilau yangu hawezi kuipika, na kitunguu aliona ni matusi. Halafu akavuta pumzi, akaniangalia usoni kama anayejiandaa kupigwa kofi, akasema kwa Kiswahili:

"Sufuria hawezi kurudi mtupu, Mama."

Sufuria imekuwa mtu. Ngeli zote ziko chini, vipande vipande.

"Kweli kabisa, mwanangu," nikamwambia. "Hawezi."