Samaki Niliowaandalia Wageni

Nimezeeka na aibu hii. Miaka ya mwanzo ya uhuru, kamati ya mtaa wetu hapa Kakamega ilipokea familia kutoka kisiwani, ziwa lilipofunika nyumba yao. Jirani yangu Mama Ayuma alitaka kuwapikia kuku. Nikamcheka.

"Mtu wa kisiwani umpe kuku? Hao ni watu wa samaki!"

"Bwana karani, umewauliza?"

Niulize nini, na mimi ndiye niliyesoma sekondari? Nikaagiza samaki wakubwa wa ziwani, nikahutubia kamati nzima kuhusu ladha ya nyumbani. Wageni hawakugusa. Nikamsukumia mama yao sahani. "Kula, mama, usione haya."

Akaifunika kwa leso yake.

"Baba, mtoto wetu alizama. Hatujampata bado. Samaki wa ziwa lile tutawalaje?"