Mkwe, Nta na Pikapu Iliyotetemeka

Mume wangu alikuwa mfuga nyuki, na mfuga nyuki wa Inyonga haamini kuwa kuna kitu duniani kilichoshindikana kwa nta. Ndoo ikitoboka, nta. Kiatu kikifumuka, nta. Ngoma ya kanisani ilipopasuka aliiziba kwa nta, kwaya ikaimba, naye akatembea kifua mbele kama aliyetunga wimbo. Miaka hiyo ya tisini akanunua pikapu kuukuu. Nikasema moyoni, haya, sasa tutaona.

Mama yangu mzazi alikuwa anapofuka kwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikwishafunga, la pili liliona ukungu tu. Tukasikia kuwa Tabora wamekuja madaktari wa kupasua macho, nao hawakai sana. Masika yalikuwa yameikata barabara ya Tabora, njia iliyobaki ni treni ya Mpanda. Tukiikosa, mama angerudi nyumbani kusubiri giza. Asubuhi tukapakia, tukaondoka Inyonga.

Sasa, kwetu mwanaume hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Ndiyo heshima. Kwenye pikapu yenye kiti kimoja kirefu cha mbele, heshima hiyo ilimlaza mama nyuma juu ya godoro, huku mimi nimekaa mbele, karibu na kidirisha cha nyuma kisicho na kioo, ili nipeleke maneno.

Hatujafika mbali, mama akaanza. "Mwanangu, mwambie mkwe gari linanitikisa mpaka meno, kila akikanyaga mafuta."

Mume wangu alisikia vizuri sana. Lakini alisubiri mpaka nirudie neno kwa neno, ndipo akajibu huku anatazama mbele, "Mwambie mama ni tairi."

"Mama, anasema ni tairi."

"Nimesikia. Mwambie akiachia, linatulia."

Akasimamisha gari, akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, akajipangusa mikono, tukaondoka. Mtetemo uleule. Akasema basi ni barabara. Tulipopata kipande kizuri, kimetandikwa kama mkeka, tukatetemeka vilevile. Akasema, nimwombe mama asogee katikati, uzito umelalia upande mmoja. Uzito gani jamani! Mama alikuwa mwembamba kama ufito.

Hapo nikachemka. "Mimi si simu ya upepo! Baba watoto, kanyaga mafuta." Akakanyaga, gari likatetemeka. "Achia." Likatulia. "Kanyaga tena." Likatetemeka mpaka mlango ukalia. "Haya niambie, hiyo tairi inajuaje kama umekanyaga au umeachia?"

Akaegesha chini ya miombo, akaingia uvunguni. Nikasikia, "Loo!"

Kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma kilikuwa kinacheza. Kina kiungo cha mikono minne, mafundi wanakiita krosi, na kiungo hicho kinataka grisi. Wiki ile grisi haikupatikana dukani, na nta ilikuwepo nyumbani. Mnajua alichofanya. Nta ilipopata joto iliyeyuka ikamwagika, chuma kikabaki kinasaga chuma. Kila akikanyaga, nguvu yote inakwenda pale palipolegea. Akiachia, mzigo unapungua, kiungo kinatulia. Uvunguni kulinukia vizuri kama kanisani Krismasi.

Akakifungua. Kikombe kimoja cha krosi, kile kinachofunika ncha ya mkono, kikamponyoka, na vile vyuma vya ndani, vyembamba kama sindano, vikamwagika mchangani. Bila hivyo hatuendi popote. Tukatafuta, tukakosa. Nikakaa chini nikalia, sikuona aibu.

Mama akashuka mwenyewe huku anapapasa bodi, akapiga magoti, akaingia uvunguni. Mume wangu alitaka kukimbilia upande wa pili, akajigonga kichwa, shati likanasa.

"Mwambie atulie," mama akasema. "Anaogopa nitamtazama? Nitamtazama na nini?"

Vidole vya mama vilichambua mchele maisha yake yote, kila punje na kila jiwe. Vikaanza kuchambua mchanga. Kila alipopata sindano alinyoosha mkono gizani kwake, na mume wangu akaipokea, uso ameugeuzia difu ya magurudumu ya nyuma kwa adabu kubwa. Lori la mahindi likasimama, dereva akasikia harufu ya nta, akatupatia grisi kwenye kipande cha nailoni, kisha akacheka mpaka akaegemea usukani. "Nyie watu wa asali! Ipo siku mtatia nta kwenye chai!" Mume wangu alifunga krosi, akaikaza, tukaondoka. Akakanyaga mafuta. Gari likatulia kimya, na mimi nikashukuru Mungu kwa sauti.

Mpanda tulifika filimbi ya treni imeshalia. Mama asingeweza kukimbia. Mume wangu akatazama huku na huku, kisha akainama, akambeba mgongoni, akakimbia naye hadi behewani. Baadaye aliniambia kuwa mtu wa mgongoni haoni uso wako, kwa hiyo mila ilisalimika. Sikumbishia. Nilipanda nikampungia mkono.

Tuliporudi Mpanda baada ya upasuaji, mama alishuka kwenye treni na macho mawili mazima. Alishangaa mabati, akashangaa mbuzi, akaniambia nimenenepa. Mume wangu alikuwa amejibanza nyuma ya pikapu, anatazama viatu vyake.

"Mwanangu," mama akaita. Nikaitika.

"Si wewe," akasema. "Wewe uliyejificha. Toka nikuone."

Alitoka taratibu, kofia mkononi. Mama alimtazama kichwani, akamtazama usoni, akamtazama tena.

"Maskini," akasema. "Kumbe nawe umeshaota mvi."