Koko na Ndoo ya Maji ya Moto

Kisangani neno "katili" tunaligawa kwa ukarimu. Pilipili ya mama muuza samaki ni katili, jua la saa saba ni katili, na mwamuzi aliyeinyima timu yetu penalti ni katili yeye na ukoo wake. Mimi nilimwita hivyo koko wangu, yaani bibi mzaa mama. Nilikuwa uchi, na nusu ya mtaa ilisikia.

Nilikuwa na siku tatu tangu nijifungue mtoto wa kwanza. Koko alivuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga, akaingia bila hata kumtazama mtoto, akauliza: "Maji iko wapi?" Kwetu mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto. Wakandaji wengine huchovya kidole kwanza wapime. Koko alizamisha taulo, akalikamua kwa mikono yake ya kulima muhogo, akanibandika tumboni na kuegemea kama anayefunga sanduku lililojaa.

"Koko, uko katili."

"Lia tu. Tumbo iko inarudia fasi yake."

Asubuhi na jioni, wiki tatu. Nilijificha chooni, akanisubiri mlangoni na ndoo yake. Mume wangu akiiona ndoo tu alikumbuka shughuli mjini. Nami nikapona vizuri, jambo lililoniudhi kidogo.

Mwaka jana koko aliteleza akishuka pirogini. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, lakini uvimbe ulipoisha kifundo cha mguu kilibaki kigumu, hakikunjiki. Akakaa kwangu, hawezi kufika shambani kwake.

"Muhogo yangu iko inakuliwa na majani," alisema, "na mimi niko naangalia televizyo. Leta maji."

Nikachovya kidole kwanza. Nikaliweka taulo polepole, kama anayepangusa yai. Koko alinitazama kwa masikitiko.

"Hii huruma ni ya nani? Yangu ao yako?"

Ilikuwa yangu. Niliogopa kuuona uso wake ukikunjamana, basi. Nikaongeza maji ya moto, nikabonyeza kwa kiganja, halafu kwa uzito wangu wote. Machozi yalinitoka hata nikawa siuoni mguu. Yeye alishika kiti kwa mikono miwili, akautukana ukoo wa baba yangu mpaka babu ambaye hata hakumjua, na alipoishiwa matusi akaniita katili. Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi ananisubiri, mguu ameshaunyosha.

Wiki ya nne nilimsindikiza mtoni. Alishuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akakataa mkono wangu. Alipokwisha kukaa pirogini, akanionyesha kwa mpiga kasia na abiria wote, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutangaza diploma ya mtoto.

"Munaona ule? Ni mujukuu yangu. Katili kabisa."

Sijawahi kusifiwa hivyo tena.